Saa Iliyochoka Mlimani

Wolfgang alikutwa Jumatano, saa mbili kasoro robo asubuhi, na wanawake wawili waliokuwa wakipeleka mahindi mashineni. Walidhani ni mlevi, wakampita kwa heshima anayostahili mlevi, yaani kwa kusonya. Kisha mmoja akageuka amtazame vizuri, apate cha kusimulia kwenye foleni ya mashine, akaona kwamba mlevi hana upande wa kulia wa kichwa. Debe la mahindi lilimponyoka, likabingirika hadi bondeni, na hakuna aliyelifuata.

Sajenti Shumbana wa upelelezi alifika saa tatu, akihema. Alikuwa mtoto wa wauza vitenge wa Dongobesh, mtu wa viti na kivuli, mwenye tumbo lililozoea kufika mahali kabla yake. Serikali katika hekima yake ilimpangia wilaya ya Hanang, ambako hata uhalifu hufanyika kwenye mwinuko.

Marehemu alikuwa kijana wa miaka ishirini na tatu, mzaliwa wa Tlawi, aliyekuja Gitting kujiunga na kambi ya wakimbiaji. Alilala chali kwenye nyasi. Fuvu lilikuwa limepasuliwa kwa kitu kizito, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Taya lilikuwa limehama. Vidole vya mkono wa kulia vilivunjika, maana alijaribu kujikinga, na meno yake mawili yalikuwa pembeni ya njia, safi kabisa, kana kwamba yanasubiri kuokotwa. Damu ilikuwa imerukia majani ya pande zote mbili. Shumbana alizunguka mwili mara mbili. Aliona soksi zimejaa mbegu za kishona nguo. Aliona pia saa kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, ile ya kisasa ya kuhesabu mwendo na mapigo ya moyo. Kioo kilikuwa kizima, lakini cheusi.

"Amekufa pamoja na saa yake," alisema Inspekta Theodory, bosi wake. "Ichomeke chaji kwenye gari."

Njia ya mazoezi ya vijana wa kambi ilikwenda kama pete. Ilianzia kambini, ikapanda kilomita saba hadi mahali panapoitwa Kona ya Jiwe Refu, ikazunguka bega la mlima kupitia mashamba ya ngano upande wa pili, kisha ikarudi ikishuka na kupita mita mia tatu tu chini ya kona ileile. Hapo chini, kwenye mteremko wa kurudia, ndipo alipolala Wolfgang.

Saa ilipopata chaji ikafunguka bila kinyongo. Inspekta akaisoma kwa sauti, na watu wapatao arobaini waliokwisha kukusanyika wakanyamaza kama kanisani. Mbio zilianza saa kumi na moja na dakika arobaini. Zilikatika saa kumi na mbili na dakika ishirini na moja, Kona ya Jiwe Refu. Hakuna kingine.

"Basi huo ndio wakati alipouawa," alisema Inspekta. "Alipigwa kwenye kona, akaletwa hapa chini."

"Afande, hakuna alama za kuburutwa," alisema Shumbana.

"Alibebwa."

"Na damu yote iko hapa. Kule kona sijaona hata tone."

"Shumbana, unataka kesi au unataka shairi? Saa haina ndugu, haina kabila, haina tumbo la kula rushwa. Ikisema saa kumi na mbili na ishirini na moja, ni hiyo."

Mama mmoja muuza maziwa akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Wakati huohuo, alisema, alipita kona na ndoo zake, akamkuta kijana Gidion wa kambini ameketi kwenye jiwe, ana damu kwenye goti na kwenye fulana.

Lilikuwa kosa la Inspekta kusoma saa hadharani, lakini halikupata muda wa kujadiliwa. Gidion alikuwa palepale, amesimama nyuma na mguu uliovimba. Kila mtu alijua kwamba Jumatatu alimpiga Wolfgang ngumi ya mdomo mbele ya kambi nzima, kwa sababu Wolfgang, ambaye hakuweza kuishi siku mbili bila kumfanyia mtu utundu, alimpaka pilipili ndani ya bukta kabla ya mbio za kupimwa. Walimdaka kabla hajageuka. Jiwe la kwanza lilimfunga jicho. Mtu akampiga kwa mnyororo wa pikipiki mgongoni, mwingine akaruka na kumkanyaga mkono hadi ukalia kama kuni. Kutoka upande wa barabara tairi lilikuja likisukumwa, na nyuma yake kijana aliyebeba chupa ya petroli kwa uangalifu, asije akamwagia viatu vyake vipya.

Shumbana aliingia katikati kwa tumbo. Alipigwa jiwe la bega, akapigwa teke ambalo halikuwa lake, akaanguka juu ya Gidion, akamfunika kama kuku anavyofunika vifaranga. Hapo mwili wake, uliotaniwa miaka mingi kituoni, ulifanya kazi ambayo mwembamba asingeiweza. Inspekta alifyatua risasi mbili hewani. Watu wakarudi nyuma, lakini hawakuondoka.

"Mchukueni," alisema mmoja wao. "Jumamosi ndugu zake Wolfgang wa Tlawi wanakuja kuchukua mwili. Jeneza halivuki Gitting kabla nyumba ya mama yake Gidion haijawaka, na mwanawe ndani."

* * *

Alasiri ile Gidion alilazwa kituo cha afya, mkono mmoja kwenye plasta, mwingine kwenye pingu iliyofungwa kitandani. Mama yake, Marieta, alikaa kwenye benchi la nje.

"Shikamoo mama," alisema Shumbana.

"Marahaba. Mwanangu ataishi mpaka lini?"

"Mpaka Jumamosi, kwa uhakika. Siku za baada ya hapo ndizo ninazotafuta."

"Askari mkweli ni kitu cha kutisha," alisema Marieta. "Ingia."

Gidion aliongea kwa upande mmoja wa mdomo. Alisema walipanda pamoja, akateguka mguu, akaanguka juu ya mawe pale kona.

"Wolfgang alikusaidia?"

"Alinicheka. Akasema pilipili imeshuka mguuni. Kisha saa yake ikazima."

"Unajuaje?"

"Aliitukana. Ikiwa na baridi inazima palepale, afande. Inaonyesha ina chaji asilimia arobaini, ikifika ule mwinuko inazima tu. Akaipiga kofi, akaendelea na mbio."

"Kwa hiyo alipokuacha alikuwa mzima."

"Mzima na anacheka. Nimesema hayo tangu nilipofungua mdomo. Wananiambia saa haisemi uongo. Sasa mimi nibishane na saa?"

Shumbana alikwenda kambini. Kambi ilikuwa nyumba ndefu ya matofali, na mbele yake jiwe kubwa lililofunikwa shuka. Jiwe lile lilikuwa na maandishi ya rekodi ya kupanda kutoka kambini hadi kona: dakika thelathini na mbili, Kocha Boay, miaka mitano iliyopita. Jumapili wageni kutoka Arusha wangekuja kulifunua.

Jikoni alimkuta mpishi, Konsolata, ambaye alikuwa analia na kusonga ugali kwa wakati mmoja, bila kimoja kuharibu kingine.

"Saa ile ilikuwa ya Kocha," alisema. "Aliivaa miaka, akampa Wolfgang mwaka jana. Ikaanza kuzimazima, au labda ilizima tangu zamani, mimi sijui. Wolfgang alijaribu yote. Alipunguza mwanga, akaizima akaiwasha upya, akaichaji usiku kucha. Haikusaidia kitu. Mwisho tukagundua ikipata joto inavumilia. Kwa hiyo kila usiku naiweka kwenye kitambaa, juu ya mafiga yaliyopoa kidogo. Inaamka na joto, inavuka kona."

"Na jana usiku?"

"Kocha alinikataza. Jumanne jioni aliniambia moto unaharibu betri, niiache dirishani ipate hewa. Mwezi wa saba huu, afande. Asubuhi niliikuta na umande kama chura." Alipangusa macho kwa kiwiko. "Fundi wa Katesh aliagiza betri nyingine. Ilikuwa inafika Ijumaa. Wolfgang alisema ikifika atamwomba Mungu msamaha kwa matusi yote. Alikuwa anaisingizia kila kitu saa ile. Alisema hata moyo inauhesabu vibaya."

"Moyo wake?"

"Hakusema wa nani. Alicheka tu. Na kama unapeleleza, nipelelezee na jembe langu la bustani. Leo asubuhi nimelikuta halina mpini."

Kocha Boay alimpokea Shumbana kwa mikono miwili na uso wa msiba. Alikuwa mwembamba, wa miaka arobaini na mitatu, mwenye mapaja ya kamba.

"Yule alikuwa mwanangu," alisema.

"Pole sana, Kocha. Leo asubuhi ulikuwa wapi?"

"Kwenye chai, njia panda. Niliingia saa kumi na mbili, nikatoka kama saa kumi na mbili na dakika arobaini. Waulize."

Shumbana alikuwa amekwisha kuwauliza. Wote walikumbuka, tena vizuri mno. Kocha aliuliza wakati mara mbili kwa sauti kubwa, huku simu yake iko mezani mbele ya kikombe.

"Baada ya hapo?"

"Nikarudi kulala. Nilikuwa na kichwa."

"Na saa? Wanasema huwa inazima ikifika kona."

Boay alitabasamu kwa huzuni. "Gidion ndiye anayesema hivyo. Niliivaa miaka minne, haijawahi kunizimia hata mara moja. Betri yake ni chuma."

* * *

Alhamisi asubuhi Inspekta Theodory alifanya uchunguzi wa kitaalamu. Aliijaza saa chaji, akaiweka mezani karibu na jiko la mkaa, akaitazama. Ilifanya kazi saa moja. Ilifanya kazi saa mbili. Ilionyesha tarehe, hali ya hewa ya Arusha, na idadi ya hatua ambazo meza ilikuwa haijatembea.

"Nzima," alisema. "Umeona?"

"Imekaa, afande. Hata mimi nikikaa sizimi."

"Unataka kusema nini?"

"Betri iliyozeeka ni kama mimi. Ukiitazama kwenye kiti utasema inaweza. Ikianza kukimbia, saa inasoma moyo, inatafuta setelaiti, inahesabu mwendo, vyote kwa pamoja, na baridi juu yake. Hapo ndipo inapojulikana. Tumpe mwendo."

"Nani akimbie?"

Kituo kizima kilimtazama Shumbana kwa upendo.

Alipumzisha saa ile dirishani usiku wa Alhamisi, kwenye umande, kama alivyoagiza Kocha. Ijumaa alfajiri, akiwa na bukta aliyoazima na soksi za sare, alianza kupanda. Historia haitaki kusema alitumia muda gani. Mbuzi walimpita. Kwenye mwinuko wa mwisho alijilazimisha kwa nguvu zote, akiona nyota ambazo kukishakucha hazipaswi kuonekana. Alitazama mkononi. Chaji ilisema asilimia arobaini na nne. Mapigo ya moyo yalisema mia moja themanini na sita. Halafu, hatua chache kabla ya Jiwe Refu, kioo kikawa cheusi.

Saa na Sajenti walizima pamoja. Alilala chini, akaiweka saa kwapani, akangoja kufa. Badala ya kufa alipoa, na saa ikapata joto. Alipoibonyeza ikawaka, ikasema asilimia thelathini na nane, kama mtu aliyeamka kanisani na kusema alikuwa anatafakari.

"Mzee mwenzangu," aliiambia.

"Unaongea na nani?"

Mzee aliyebeba fimbo alikuwa amesimama juu yake, na mbuzi wanane nyuma. Lilikuwa jambo la aibu, lakini Shumbana alikumbuka adabu hata akiwa chali.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ni mtu?"

"Ni askari."

"Hilo si jibu," alisema mzee, akakaa kwenye jiwe. Jina lake lilikuwa Sulle, mchungaji wa upande wa pili. "Nauliza kwa sababu siku hizi nasikia naona mizimu. Mke wangu ameniletea watu wa maombi mara mbili tangu Jumatano. Wamenikandamiza kichwa hadi shingo inauma."

"Uliona mzimu gani?"

"Nilimwona yule kijana wa Tlawi. Kule kwenye ngano, jua limeshagusa ukingo, saa moja hivi. Anakimbia vizuri tu. Niliwasimulia, wakaniambia haiwezekani, saa inasema alikwisha kufa. Basi nimeona mzimu."

Shumbana aliketi. "Ulimtambuaje kwamba ni yeye?"

"Aliniamkia. Shikamoo mzee, hivyo. Mimi nilikuwa namvuta mbuzi mtaroni, hata sikuwahi kumwitikia, alishapita." Alichora mstari mchangani kwa fimbo. "Nimeishi miaka sabini na mbili. Mizimu ya huku kwetu nimeisikia ikilia, ikiomba pombe, ikirusha mawe kwenye bati. Sijasikia mzimu unaotoa shikamoo."

Shumbana alitazama soksi zake za sare. Zilikuwa safi. Njia ya kupandia vijana wa kambi waliifyeka kila wiki. Akamwomba mzee ampeleke kwenye ngano, hatua mia chache tu, na aliporudi soksi zilikuwa zimejaa mbegu za kishona nguo, nyeusi, zinachoma kama zile za maiti.

Kwa hiyo Wolfgang alizunguka mlima wote akiwa hai. Saa ilizima akiwa anakwenda, yeye akauawa akiwa anarudi, baada ya saa moja, wakati Kocha alipokuwa amemaliza chai yake zamani. Na mtu aliyeiacha saa kwenye umande alijua itazima wapi.

Kilichobaki ni sababu. Aliitafuta ndani ya saa yenyewe. Ilitunza mbio za zamani, na kwa kuwa Boay hakuifuta alipoigawa, mbio zake zilikuwa humo. Shumbana akaifungua ile ya rekodi. Dakika thelathini na mbili hadi kona. Kwenye mwinuko wa mwisho, palepale Sajenti alipoona nyota, mwendo wa Kocha ulikuwa umeongezeka maradufu. Mapigo ya moyo yalikuwa themanini na mawili.

"Mzee," alisema Shumbana, "mtu akipanda hapa mbio, moyo ukatulia kama amekaa, amekuwaje?"

"Amekaa," alisema Mzee Sulle.

"Juu ya nini?"

"Enzi zile Kocha alikuwa na pikipiki."

* * *

Saa tisa alasiri ya siku ileile vijana walijaa mbele ya kambi. Walikuja kupanga jinsi ya kuichoma nyumba ya Marieta, na tairi walilileta. Marieta mwenyewe alikuja pia, akasimama peke yake kando ya uzio, maana alisema akichomwa anataka kuwajua kwa majina. Inspekta Theodory aliwatangazia kwamba kabla ya jambo lolote lazima saa ihakikiwe.

"Gidion anasema ni mbovu," alisema, kama alivyofundishwa na Sajenti wake. "Kocha anasema ni chuma. Kocha ndiye bingwa wa mwinuko huu. Akimbie nayo hadi kona. Ikifika inawaka, mjadala umekwisha."

Mbele ya jiwe lake mwenyewe Boay asingeweza kukataa. Alifunga saa mkononi, akavaa jaketi, akaondoka huku akipigiwa makofi.

Shumbana hakuwepo pale. Alikuwa kona, amejibanza nyuma ya Jiwe Refu pamoja na Mzee Sulle na mbuzi wanane ambao hawakuambiwa siri. Ukungu ulikuwa umeshuka na baridi ilikuwa inauma. Waliona Boay akitokeza chini, akipanda kwa hatua fupi. Mita mia mbili kabla ya kona, mahali ambapo kambi haionekani tena, alisimama. Akatazama nyuma. Akaivua saa, akaipuliza pumzi ya moto, akaisukuma ndani ya jaketi hadi kwapani, akabana mkono na kuendelea kupanda taratibu kama mtu anayebeba yai.

Shumbana akatoka.

"Kocha, kwapani kuna nini?"

Boay alizidi kubana mkono.

"Asiyejua kama saa inazima angekimbia tu," alisema Shumbana. "Miaka minne haijawahi kukuzimia, sivyo? Sasa mbona unainyonyesha?"

"Natunza mali ya marehemu."

"Ulimkataza Konsolata asiitunze. Ulitaka ilale dirishani ipoe, ili izime hapa na iseme uongo kwa niaba yako. Ukaenda kunywa chai na kuuliza wakati, simu iko mezani. Ulipomaliza ulikwenda kumngoja kwenye mteremko. Mpini wa jembe uko wapi?"

"Umeungua," alisema Boay. Alisema kwa utulivu, kisha akainama kana kwamba anafunga kamba ya kiatu, akainuka na jiwe.

Pigo la kwanza lilivunja mfupa wa bega la Shumbana, na yeye mwenyewe aliusikia kabla ya kuumia. La pili lilimchana sikio. Akaanguka, Boay akamkalia kifuani, akainua jiwe kwa mikono yote miwili. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtu anayetwanga.

Fimbo ya Mzee Sulle ilimshukia kwenye kiwiko, mara tatu, kwa ufundi wa mtu aliyewahi kugombana na fisi. Jiwe likadondoka karibu na pua ya Sajenti. Shumbana akamkumbatia Boay kwa mkono mzima, akaviringika naye, na safari hii tumbo likawa juu. Bingwa wa mwinuko alitapatapa chini ya kilo mia na tano za serikali hadi pumzi ikamwisha.

"Kwa nini ulimpiga hivyo?" aliuliza Shumbana. Damu yake ilidondokea shati la mwenzake. "Pigo moja lingetosha."

"Alikuwa anacheka." Boay alikohoa. "Jumanne jioni alikuja na saa. Akaniambia, Kocha, siku ya rekodi moyo wako ulikuwa umelala wapi? Akasema Jumapili atawaonyesha wageni, wacheke na wao. Mimi na jiwe langu. Na baba mkwe wangu kwenye kiti cha mbele. Nikamwomba aifute, akacheka. Pale njiani nilipomtokea alidhani namfanyia utani. Nikampiga, akawa bado ana uso ule wa kucheka. Nikampiga uishe."

 Shumbana akamwambia, kwa sababu aliona si haki aende gerezani bila kulijua.

"Konsolata anasema alikuwa anaisingizia saa kila kitu. Alisema hata moyo inauhesabu vibaya. Kocha, yule kijana alidhani saa ndiyo mbovu. Hakukuwazia wewe."

 

* * *

Kumshusha Boay kulikuwa kugumu kuliko kumkamata. Habari ilitangulia, kama kawaida ya habari, na walipofika kambini vijana walikuwa wamekwisha kubadilisha maiti wao wa kesho bila kubadilisha kitu kingine. Chupa ya petroli ilikuwa ileile. Mtu alimpiga Boay tofali la mdomo, mwingine akamvuta kwa jaketi. Shumbana, mkono mmoja ukining'inia, alijaribu kupita mbele yake akashindwa, bega lilikataa. Mikono ikamfikia Boay shingoni.

"Tairi," alisema mtu. "Tairi liko wapi?"

Lilikuwa chini ya Marieta. Alikuwa amelikalia, kitenge kimekunjwa vizuri magotini.

"Hili mlimletea mwanangu," alisema. "Jumatano mlikuwa na hakika kama mlivyo na hakika leo. Nimelikalia. Atakayelitaka aje aniinue, kisha aende akamwambie mama yake kwamba alinishika."

Walimtazama. Wengi wao alikuwa amewanywesha uji wakiwa wadogo. Yule mwenye viatu vipya aliitazama chupa yake kana kwamba hajui imefikaje mkononi. Inspekta Theodory alimpakia Boay garini huku watu wakiwa bado wanatafuta pa kuelekeza macho, na kwa mara ya kwanza hakusema lolote kuhusu saa.

Jumamosi ndugu wa Tlawi walikuja na gari dogo la mizigo. Gidion aliletwa kutoka kituo cha afya bila pingu, jicho moja limefungwa. Vijana waliompiga walisimama mbali, wakachimba ardhi kwa vidole vya miguu. Jiwe la rekodi lilikuwa bado limefunikwa shuka, na hakuna aliyetaka kulifunua wala kuliondoa. Betri mpya ilikuwa imefika Katesh kwa basi, kwenye boksi dogo kama la kiberiti. Shumbana aliishika kwa mkono usiofungwa bandeji, akampa baba yake Wolfgang, na mzee yule akaitia mfukoni bila kuuliza ni ya nini.

Gari lilipowashwa, Mzee Sulle alitoka kwenye kundi. Alitembea polepole hadi ubavuni, akaweka kiganja kwenye jeneza. Dereva akazima injini.

"Sikuwahi kukuitikia," alisema mzee. "Ulikuwa unakwenda mbio."

Akavua kofia.

"Marahaba, mwanangu."